Siku Tatu Juu ya Tuta la Reli



Ofisini kwetu, nyuma ya mlango, imebandikwa picha ambayo imezua maneno parokiani. Inatuonyesha tumevaa kofia ngumu ya plastiki na kaptula, tumeshika usukani wa baiskeli, na nyuma yetu ni mdomo wa handaki. Mwenyekiti wa kigango kimoja alituuliza hivi karibuni, kwa heshima zote lakini bila kulificha tabasamu lake, kama ni kweli kwamba Paroko alivuka bahari kwenda Marekani kuendesha baiskeli, jambo ambalo kila kijana wa Kanda ya Ziwa hulifanya pasipo pasipoti. Siku ile tulimjibu kwa mkato. Juma hili tunamjibu kwa kirefu, yeye na wengine wote, kwa kuwa ndani ya jibu hilo limo deni tunalodaiwa, na baadhi ya wanaotudai hatuwezi kuwafikia isipokuwa kwa ukurasa huu.

Safari yenyewe ilikuwa ya kazi. Majimbo mengi ya Kanisa huko Marekani huwaalika, kila majira yao ya joto, mapadre na watawa kutoka nchi za misioni wapite parokiani, wahubiri siku ya Dominika, na kuwaomba waamini mchango kwa ajili ya makanisa wanakotoka. Mwezi Agosti 2024 nasi tulipangiwa parokia kadhaa magharibi mwa Pennsylvania, si mbali na mji wa Pittsburgh. Mji huo si mgeni kabisa katika historia ya imani yetu: Mapadre wa Roho Mtakatifu, wale wale waliofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, ndio walioanzisha huko, mwaka 1878, chuo ambacho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Duquesne. Tulihubiri, tukaomba, tukapewa kwa ukarimu. Lakini kati ya Dominika na Dominika mgeni wa namna yetu hana kazi. Mwenyeji wetu, padre mstaafu mwenye umri wa miaka 74 na magoti mazuri kuliko yetu, alitutazama siku mbili tukizunguka sebuleni kwake. Siku ya tatu akatoa baiskeli mbili bandani, akatukabidhi ile kofia.

Njia aliyotupitisha huitwa Great Allegheny Passage. Yaanzia Pittsburgh na kuishia Cumberland, katika jimbo la Maryland, mwendo wa kilomita 240 hivi, na katika mwendo huo wa kokoto laini za chokaa magari na pikipiki hayaruhusiwi. Hapo kale ilikuwa njia ya garimoshi. Sehemu ya mashariki ilikuwa mali ya shirika la reli la Western Maryland, lililoifungua mwaka 1912 ili kuvusha mizigo katika milima ya Allegheny, na kuiacha mwaka 1975. Reli ziling'olewa, mataruma yakaondolewa, likabaki tuta tupu lililoota vichaka. Kwa kawaida tuta la namna hiyo hufa: huyu hulima kipande chake, yule hujenga banda, na baada ya miaka ishirini hakuna awezaye kusema reli ilipita wapi. Watu wa pale hawakukubali. Mwaka 1986 walifungua kipande cha kwanza, kilomita chache tu, katika kijiji cha Ohiopyle; wakaendelea kipande kwa kipande, daraja kwa daraja, wakiiomba serikali, wakiwaomba wafadhili, wakijitolea kwa mikono yao wenyewe, hadi mwaka 2013 kipande cha mwisho kilipofika katikati ya Pittsburgh. Miaka 27! Sisi tuna nyumba ya mapadre iliyo katika hatua ya lenta kwa miaka sita, na tayari Halmashauri ya Walei imetuchoka.

Njia za aina hii zimeenea nchini mwao. Kwa jumla zimepita kilomita 40,000. Sheria yao ya mwaka 1983 inaruhusu tuta la reli lililoachwa litunzwe kama njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, ili siku reli ikihitajika tena ardhi iwe bado ipo. Tulipokuwa tukielezwa haya tuliikumbuka reli yetu ya kusini, ile iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini hilo tunawaachia wahandisi.

Tulipelekwa kwa gari hadi mahali paitwapo Deal, karibu na kilele cha njia. Kabla ya kuanza kuteremka mwenyeji wetu alitaka tulione handaki la Big Savage, lenye urefu wa kilomita moja. Ndani yake ni baridi hata mwezi Agosti, na sauti ya tairi juu ya kokoto hukurudia kutoka kutani kama ya mtu mwingine anayekufuata. Majira ya baridi hufungwa kwa milango, ili barafu isipasue kuta zake. Ukitokeza upande wa pili unaiona nchi ya Maryland imelala chini yako, kilima nyuma ya kilima, kila kimoja na buluu yake. Hapo ndipo ilipopigwa picha ile.

Tukarudi tulikotoka. Mwendo mfupi kutoka handakini upo mgawanyo wa maji, mita 729 juu ya usawa wa bahari. Tone la mvua likiangukia upande mmoja huenda mto Potomac na kufika Bahari ya Atlantiki. Likiangukia upande wa pili huingia mto Casselman, kisha Youghiogheny, Monongahela, Ohio na Mississippi, hadi Ghuba ya Meksiko. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya kilomita 60, hadi kijiji cha Confluence, tuliteremka.

Hapa inatupasa kueleza zaidi, kwa ajili ya wale ambao baiskeli kwao ni gunia la mpunga nyuma na mlima mbele. Sisi wenyewe tulikulia huko. Tulisukuma pamba ya baba yetu hadi kwenye ghala la chama cha ushirika, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mwingine kwenye gunia, na hatukuwahi kufikiri kwamba baiskeli ni chombo cha kupumzikia. Basi mtuelewe tukisema kwamba siku ile tulikaa juu ya siti tangu asubuhi hadi alasiri na hatukushuka hata mara moja kwa sababu ya mlima. Garimoshi si mbuzi, halipandi genge. Kichwa kinachovuta msururu wa mabehewa ya makaa ya mawe hushindwa na mwinuko ambao baiskeli ya muuza maziwa wala haiuoni. Kwa hiyo waliojenga reli hawakuufuata mlima, waliukata. Penye kilima walichimba, penye bonde walijaza udongo, penye mto walisimamisha daraja. Upande ule tuliopita, mwinuko haufiki mita moja katika kila mita 100. Baada ya mji mdogo wa Meyersdale liko daraja la Salisbury, lenye urefu wa mita 580, linalovuka bonde zima la Casselman pamoja na barabara kuu na reli nyingine iliyo chini yake. Tulilipita kwa dakika chache, tukitazama mashamba ya mahindi kutoka juu kama mwewe, bila hata kuhema.

Miguu yetu haikuustahili wepesi ule. Ulikwisha kulipiwa zamani na watu waliovunja miamba kwa sururu na baruti, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya, ambao hawakuwahi kupita pale kwa raha. Tulimwambia mwenyeji wetu hivyo, tukiwa tumejiridhisha kwamba tumepata homilia ya Dominika. Alitikisa kichwa, akasema, “Ngoja kesho kutwa.”

Siku ya pili tutaipita upesi. Alfajiri tuliadhimisha Misa juu ya meza ya kulia chakula katika nyumba ya wageni, waamini wakiwa wawili na paka. Tukafuata mto Youghiogheny ndani ya msitu hadi Ohiopyle, penye maporomoko na vijana wenye maboti ya mpira, kisha hadi Connellsville, penye kitanda. Jambo moja la kuchekesha lisisahauliwe. Anayetaka kukupita hupiga kengele na kukuambia kwa sauti kwamba anapita kushoto. Ni adabu nzuri, lakini huko watu huendesha upande wa kulia, nasi kila tuliposikia neno “kushoto” tulikwenda kushoto kwa utii. Bibi mmoja mwenye mvi alitukosakosa mara mbili, na mara ya pili alituombea kwa jina la Mungu, ingawa hatuna hakika kama ilikuwa sala.

Siku ya tatu nchi ilibadilika. Kuanzia Connellsville kwenda chini ilikuwa nchi ya makaa ya mawe. Kutoka huko yalikwenda makaa ya koki yaliyoyeyusha chuma cha Pittsburgh. Msitu umefunika karibu kila kitu, na mpita njia asiyeambiwa huona miti, mto na ndege tu. Ila hapa na pale maji hutoka mlimani yakiwa na rangi ya kutu, na mawe yanayopitiwa na maji hayo yamegeuka rangi ya chungwa. Ni migodi ya zamani inayoendelea kuvuja.

Karibu na mahali paitwapo Van Meter mwenyeji wetu alishika breki, akaegemeza baiskeli yake kwenye mti, akavua kofia.

Hapa, alisema, palikuwa na mgodi wa Darr. Tarehe 19 Desemba 1907 ulilipuka, wakafa wanaume na wavulana 239. Katika historia yote ya Pennsylvania hakuna ajali ya mgodi wa makaa iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Walikuwa Wahungaria, Wapolandi, Waitalia, Wajerumani, Warutheni. Watu 71 kati yao wamelazwa katika kaburi moja la pamoja, katika makaburi ya Olive Branch, na 49 kati ya hao hakuna aliyeweza kuwatambua. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote, kwamba wangekufa wengi zaidi. Ila siku ile, kwa kalenda ya zamani, ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Nikolao, na wachimbaji wengi Wakatoliki wa mapokeo ya Kigiriki walikuwa wameacha kazi ili waende kanisani.

Wapendwa, tulikaa chini kwenye majani, na haikuwa kwa sababu ya uchovu.

Mfano huo tulikuwa nao. Tulikuwa nao tangu seminarini, katika daftari la mifano ya mahubiri ambalo mseminari hulinakili kutoka kwa aliyemtangulia, naye kutoka kwa aliyemtangulia yeye. Katika daftari letu uliitwa “Wachimbaji Waliokwenda Misa”. Haukuwa na mahali, wala mwaka, wala idadi ya waliokufa. Ulikuwa na mistari sita: walikuwapo wachimbaji waliochagua sikukuu badala ya mshahara wa siku moja, mgodi ukalipuka, wao wakaishi. Na sisi tuliutumia.

Wengi wenu mnazikumbuka mvua za Februari 2023. Duara moja la dhahabu, upande wa machimbo, liliporomoka asubuhi ya Dominika, Misa ya kwanza ikiendelea. Kijana wa miaka 22, aliyebatizwa na kupokea Kipaimara katika kanisa letu, alitolewa jioni akiwa amekwisha kufariki. Siku ya maziko kijijini kwao watu walikuwa wengi mno, na wengi wao vijana wa machimboni, wale ambao huwaoni kanisani hata Noeli. Tukaiona nafasi. Tukautoa mfano wa daftarini. Tulisema kengele ililia kwa wote. Tulisema wapo walioiitikia, na yupo aliyeshuka shimoni. Hayo tuliyasema jeneza likiwa bado juu ya udongo. Vijana waliinamisha vichwa, na Dominika mbili zilizofuata kanisa lilijaa. Nasi rohoni tulijisifu kwamba neno limezaa matunda.

Mama yake alikuwa amekaa juu ya mkeka, hatua nne kutoka pale tuliposimama. Tangu siku ile hakukosa Misa hata Dominika moja. Ila hukaa mwisho, karibu na mlango, na saa ya Komunyo hainuki. Kwa mwaka mmoja na nusu tuliiona hali hiyo tukaiita ukaidi wa uchungu, tukasubiri ipite.

Haya yote tulimsimulia mwenyeji wetu pale pale kando ya njia, wakati wapanda baiskeli wengine wakitupita na kutusalimu. Hakutukemea. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, “Na wale wa tarehe 6?”

Hatukuelewa. Akatueleza. Mtakatifu Nikolao kwa kalenda yetu sisi Walatini huadhimishwa tarehe 6 Desemba. Wapolandi na Waitalia waliokufa pale Darr sikukuu yao ilikwisha kupita siku 13 kabla. Kwao tarehe 19 ilikuwa Alhamisi tu ya Majilio, siku ya kazi, na hakuna padre aliyewaita kanisani. Kengele haikulia kwa ajili yao. Na tarehe 6 yenyewe, sikukuu ya mtakatifu huyo huyo, ndiyo siku ulipolipuka mgodi wa Monongah, katika jimbo jirani la West Virginia, ukaua watu zaidi ya 360, wengi wao Waitalia na Wapolandi. Haijatokea ajali ya mgodi iliyoua watu wengi kuliko hiyo katika Marekani nzima. “Bibi yangu alikuwa Mpolandi,” alisema. “Ungemhadithia mfano wako, angekuuliza mtakatifu alikuwa wapi tarehe 6. Nami nakwambia, Padre, usingempa jibu.”

Tulipanda tena baiskeli. Tulipokwisha kwenda kidogo akasogea ubavuni mwetu, akaongeza jambo jingine. Baada ya mlipuko wa Darr uchunguzi ulifanyika, ukaamua kwamba chanzo ni wachimbaji wenyewe: waliingia na taa za moto wazi mahali ambapo mkaguzi wa gesi alikuwa amepazungushia uzio siku iliyotangulia. Wenye mgodi hawakuonekana na hatia. Lakini baada ya hapo wenye mgodi hao hao waliacha kutumia taa za moto wazi.

Hakusema zaidi, wala haikuhitajika. Sisi nasi tulikuwa tumefanya uchunguzi wetu kijijini, mbele ya kaburi, na tulikuwa tumekwisha kumpata mwenye hatia, aliyekuwa ndani ya jeneza. Swali moja tu hatukuliuliza, wala kwa mama, wala kwa wenzake, wala kwa katekista: kijana yule alishuka kufanya nini siku ya Dominika?

Kutoka pale hadi West Newton njia ni tambarare, kivuli tupu, mto ukiwa mkono wa kulia. Huenda ni kipande kizuri kuliko vyote vya njia ile. Hatukukifaidi. Mjini, tukinywa kahawa, mwenyeji wetu alitusimulia habari za Padre Everett Francis Briggs, aliyehangaika miaka mingi ili Monongah pasimamishwe sanamu ya wajane wa wachimbaji. Alifariki mwaka 2006, na mama yule wa marumaru alizinduliwa mwaka 2007, miaka 100 baada ya ajali. Tulifikiri juu ya padre mwenzetu huyo aliyeitumia nguvu yake ya uzeeni kwa ajili ya wanawake waliobaki nyuma, na tulifikiri juu ya mkeka ule, hatua nne kutoka tuliposimama.

Tungependa kuandika kwamba tuliporudi nyumbani tulikwenda kwake mara moja. Hatukwenda. Kulikuwa na mafungo ya makatekista, kulikuwa na Kipaimara, kulikuwa na ziara ya Askofu, kisha Noeli. Padre akitaka kujificha hakosi kazi. Ndipo ikafika Dominika ya 3 ya Kwaresima ya mwaka 2025, Mwaka C, na Injili yake ni sura ya 13 ya Luka: wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na Bwana anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na analijibu mwenyewe swali lake kwamba sivyo. Tuliisoma Injili hiyo kwa sauti, na yule mama alikuwa palepale mlangoni. Baada ya hapo tulihubiri juu ya mtini. Mfano wa mtini unafuata katika sura hiyo hiyo, nao ni mzuri, na ulituchukua dakika 20 kamili. Juu ya mnara hatukusema neno.

Usiku ule hatukulala. Asubuhi ya Jumatatu tulichukua baiskeli ya mlinzi, Phoenix ya zamani yenye breki moja, tukaenda. Ni kilomita tano za mchanga, na zina vilima viwili ambavyo hakuna aliyevikata kwa ajili yetu. Vyote viwili tulivipanda kwa miguu, tukisukuma.

Tulimkuta uani akichambua maharage. Tulimwamkia, akasimama, akafuta mikono, akatuletea kigoda. Tukamweleza. Tulimweleza habari za mgodi wa Darr na za Monongah, tarehe 19 na tarehe 6, jinsi mfano ule ulivyokuwa, na jinsi tulivyousema bila kuujua na bila kumuuliza yeye. Tukamwomba radhi. Aliendelea kuchambua maharage muda mrefu.

Kisha akatuambia kwamba siku ile ilikuwa zamu ya mwanawe ya kutoa maji. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mwenye zamu asiposhuka duara hujaa, ikapotea kazi ya watu kumi. Alitoka kabla ya mapambazuko ili awahi kurudi, kwa sababu alikusudia Misa ya pili. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, limetundikwa. “Bado lipo,” alisema, akaonyesha ndani kwa kidevu. Hatukupata la kusema.

Tulipokuwa tunaaga alisema, “Padre, mimi nimekusikia. Lakini siku ile hukuyasema hapa nyumbani kwangu. Uliyasema pale, watu wote wakisikia.”

Kwa hiyo Dominika iliyofuata tuliyasema kanisani, katika Misa zote mbili, kabla ya matangazo, mliokuwapo mnakumbuka. Kuhusu Komunyo hatukumwuliza, wala hatutamwuliza. Baada ya Misa ya pili alitungoja nje, chini ya mwembe. Alitushukuru. Halafu akasema wapo vijana waliokuwapo mazikoni ambao sasa wamehama: wengine wako Chunya, wengine Mirerani, wengine Dar es Salaam. Hao wameondoka na yale ya kwanza. Tukamwambia upo ukurasa huu, ambao baadhi yao huusoma kwenye simu. “Basi andika,” alisema.

Hilo nalo tumelichelewesha, mpaka mwenyekiti wetu alipotuuliza habari za picha. Sasa tumeandika. Ninyi mliosimama nasi kaburini Februari ile, popote mlipo, mfano tuliowapa ulikuwa nusu, na nusu yake ya pili ndiyo hii. Mwenzenu hakuikataa Misa. Alishuka kutoa maji kwa zamu yake, kwa niaba yenu, na shati lake la Misa ya pili lilikuwa tayari. Tulimkosea yeye, tukamkosea mama yake, nanyi tuliwadanganya. Tunaomba radhi.

Wenu katika Kristo,
Paroko